Usiku wa njozi kwenye kitambaa: jinsi ya kuchagua rangi za uzi na mishono

Tangu picha za vitambaa vya usiku zianze kuzunguka kwenye simu, zile zenye mwezi mkubwa, kasri juu ya mawingu na viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwaona, wadarizi wengi wa hapa Tanga wameingiwa na hamu ya kutengeneza za kwao. Hamu hiyo ni njema kabisa. Kinachosumbua ni maelekezo, kwa sababu yanapingana. Huyu anasema nunua uzi mweusi kwa wingi, yule anasema nyeusi usiiguse. Mwingine anasisitiza uzi wa kumetameta, na kuna anayetuma orodha ndefu ya namba za rangi ambazo madukani kwetu hazipo. Mtu anainamia fremu siku nyingi, akija kuinua kitambaa anakuta giza tu.

“Shangazi, mbona samaki wangu haonekani?” binti mmoja wa Ngamiani aliniuliza, akininyooshea kazi yake. Samaki alikuwapo, tena kashonwa kwa ustadi. Ila alikuwa wa buluu iliyoiva juu ya kitambaa cha buluu iliyoiva. Vidole vya binti yule havina kasoro. Kilichokosekana ni mwanga, na kwa maoni yangu hapo ndipo mkanganyiko wote ulipoanzia: watu wanauliza usiku una rangi gani, kabla ya kuuliza mwanga unatoka wapi.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno machache. Uzi wa kudarizi wa pamba unaouzwa kwa vitita ni nyuzi nyembamba sita zilizolazwa pamoja, nazo zinaachanishwa kwa urahisi. Unaweza kutunga zote sita kwenye sindano, au tatu, au mmoja. Ninaposema “nyuzi mbili” nina maana ya mbili kati ya hizo sita. Rangi ya uzi nayo ina sura mbili ambazo tumezoea kuzichanganya. Ya kwanza ni aina yake: nyekundu, buluu, zambarau, kijani. Ya pili ni mwangaza wake, yaani imekaribia weupe au giza kwa kiasi gani. Uzi wa kijani na uzi wa zambarau vinaweza kuwa na mwangaza ule ule, na ukiviweka pamoja kwenye mandhari ya usiku vitamezana, ingawa mchana mezani vilionekana tofauti kabisa. Kuna pia rangi za joto, kama manjano na chungwa, na rangi za ubaridi, kama buluu na kijivu. Na mandhari ya njozi ni picha ya mahali ambapo angalau jambo moja haliwezi kutokea katika dunia yetu.

Tuchukue mandhari moja na tuibebe hadi mwisho. Ghuba ya Tanga, usiku. Mwezi umechomoza upande wa bahari. Majini kuna ngalawa yenye karabai. Ufukweni Raskazone upo mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, uliochanua. Na angani anaogelea silikanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka mmoja alipopatikana akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Baadaye wavuvi wetu nao wakaanza kumnasa, na mwaka 2009 ikaanzishwa hapa Tanga hifadhi ya bahari yenye jina lake. Nimemchagua kwa makusudi. Mwili wake ni wa buluu ya chuma wenye mabaka meupe, kwa hiyo amekuja tayari na rangi za anga la usiku, na ni wetu. Makasri yenye minara mirefu tuwaachie walioyajenga.

Njozi katika picha hii ni moja tu: samaki yuko angani. Mengine yote yafuate sheria za usiku wa kweli. Huo ndio msimamo wangu, na nitautetea katika makala yote. Jicho linakubali samaki anayeruka iwapo mwanga unaomwangukia unatoka pale ulipo mwezi. Mwanga ukitoka kila upande, hata ngalawa ya kawaida haiaminiki.

Jicho linavyouona usiku

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba usiku ni mweusi. Simama ufukweni usiku wa mbalamwezi utazame. Anga lina buluu, lina kijivu, na karibu na upeo wa macho lina weupe fulani wa ukungu. Cheusi kweli ni vichache: chini ya mti, ndani ya mtumbwi, kwenye mlango uliofunguliwa wa nyumba isiyo na taa.

Imani ya pili ni kwamba mwanga wa mwezi ni wa buluu. Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Unarudisha mwanga wa jua, tena sehemu ndogo tu, takriban asilimia 12 ya ule unaouangukia, na mwanga huo ukipimwa kwa vyombo unakutwa umeegemea kidogo upande wa joto kuliko wa jua lenyewe. Buluu tunayoiona inatokana na jicho. Ndani ya jicho kuna seli za aina mbili zinazopokea mwanga: za koni, kama milioni 6, zinazotambua rangi lakini zinahitaji mwanga mwingi, na za fimbo, kama milioni 120, zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu lakini hazitofautishi rangi. Mbalamwezi hata ya mwezi mpevu ni hafifu kuliko jua kwa takriban mara 400,000, kwa hiyo seli za fimbo ndizo zinazobeba kazi kubwa. Nazo zinahisi vizuri mwanga wa upande wa buluu na kijani, na mwekundu karibu haziuhisi kabisa.

Mwanasayansi Mcheki, Jan Evangelista Purkyně, aliieleza hali hii mapema katika karne ya 19: ua jekundu linalowaka mchana, mwanga ukififia linakuwa jeusi mapema kuliko majani yake. Mdarizi akilielewa hili peke yake, nusu ya maswali yake yamejibiwa. Mkrismasi wetu wa Raskazone, ambao mchana ni moto mtupu, usiku hauwezi kushonwa kwa uzi mwekundu wa kuwaka. Maua yake yatakuwa ya rangi ya damu ya mzee, au hata kahawia iliyokaribia nyeusi, na majani yatakuwa meupe zaidi kuliko maua, kijani kilichochanganyika na kijivu. Ukifanya kinyume, utakuwa umeshona mti wa mchana kwenye anga la usiku, na mtazamaji atahisi kuna jambo haliko sawa ingawa hataweza kulitaja.

Kuanzia kitambaa hadi uzi

Kwa kazi ya namna hii sijaona kitambaa kinachofaa kuliko kaniki. Ni pamba, kinashika uzi vizuri, na rangi yake, buluu iliyoiva au nyeusi yenye buluu ndani, tayari ni anga. Uzuri wake mkubwa ni kwamba giza zito hulishoni. Unaliacha. Mdarizi anayeanza na kitambaa cheupe cha marekani analazimika kufunika kila sehemu ya kitambaa ili apate usiku, na hiyo ni kazi ya miezi. Anayeanza na kaniki anaongeza mwanga pale tu anapouhitaji.

Kaniki inatoa rangi, hasa ikiwa mpya. Ifue kwa maji baridi, mara kwa mara, mpaka maji yatoke safi. Watu wanashauri kuloweka kwenye maji ya chumvi au siki ili rangi “ishike”. Chumvi hutumika wakati wa kupaka kitambaa rangi kiwandani au kwenye pipa. Kitambaa kilichokwisha kupakwa haikisaidii. Dawa ni maji mengi na uvumilivu. Uzi wa rangi zilizokoza, hasa mwekundu na buluu, nao ujaribiwe: bonyeza kwa kitambaa cheupe chenye maji uone kama kinapata doa.

Sasa rangi zenyewe. Ningeanza na ngazi ya buluu yenye rangi tatu: moja inayopita kaniki kidogo tu kwa mwangaza, moja ya katikati, na moja hafifu inayokaribia kijivu. Rangi tatu zinaonekana chache, lakini kuna siri ya nyuzi sita. Tunga nyuzi mbili kwenye sindano, na uzichanganye. Mbili za rangi ya kwanza. Halafu moja ya kwanza na moja ya pili. Halafu mbili za pili, kisha ya pili na ya tatu, kisha mbili za tatu. Kutoka vitita vitatu umepata ngazi tano, na mpito kati ya moja na nyingine ni laini kwa sababu jicho linazichanganya lenyewe ukisimama mbali kidogo.

Ongeza zambarau iliyozimika kwa ajili ya vivuli, kijani-kijivu cha majani, damu ya mzee kwa maua, na kahawia moja. Kisha rangi za joto za karabai: manjano hafifu sana, manjano iliyoiva, na chungwa. Rangi za joto zibaki kidogo, kwenye ngalawa na mwanga wa karabai unaoakisiwa majini, basi. Uzi wa chungwa ukisambaa hadi kwenye mawingu na magamba ya samaki, karabai haitakuwa na kazi tena. Nyeusi nayo inaruhusiwa. Tumia ile ya kweli mahali padogo, chini ya mti na ndani ya ngalawa, na hapo itaifanya kaniki yote inayozunguka ionekane kuwa na hewa.

Uzi mweupe kuliko wote uchague una nafasi gani. Ni mwezi au ni karabai? Hauwezi kuwa wote wawili. Mimi ningeupa mwezi, na katikati ya karabai ningetia manjano hafifu, kwa sababu uzi wenye joto kidogo ukizungukwa na buluu unawaka wenyewe hata bila kuwa mweupe.

Kuhusu namba: kila kampuni ina zake. Nyeusi ya DMC ni namba 310, ya Anchor ni 403. Kwa hiyo orodha ya namba isiyotaja kampuni haina maana yoyote, na ukiambiwa “nunua 939” uliza kwanza ya nani (kwa DMC ni buluu iliyoiva sana, inayokaribia nyeusi). Namba ukiikosa dukani usihangaike. Mwangaza ndio unaoutafuta, na buluu nyingine yenye mwangaza ule ule itafanya kazi ile ile. Lakini usichague chini ya taa ya duka. Uzi unaofanana na mwingine kabisa chini ya taa nyeupe unaweza kuachana nao ukitoka nje juani. Mwombe muuzaji, kwa heshima, usogee nao mlangoni.

Kipimo cha mwisho hakigharimu kitu. Laza nyuzi zako zote juu ya kaniki, piga picha kwa simu, kisha geuza picha iwe ya nyeusi na nyeupe. Aina ya rangi inaondoka, mwangaza unabaki. Uzi ambao haujitokezi kwenye picha hiyo hautajitokeza ukutani. Nilimfanyia binti wa Ngamiani jaribio hili na samaki wake, naye aliona jibu kabla sijasema neno.

Kuna ngazi nyingine ya mwangaza ambayo haipatikani dukani hata kidogo: idadi ya nyuzi. Juu ya kitambaa cheusi, uzi mmoja mweupe hauonekani mweupe. Giza la chini linapenya kandokando yake, na jicho linaona kijivu. Nyuzi tatu za uzi huo huo zinafunika zaidi na kung'aa zaidi. Kwa hiyo kitita kimoja cheupe kinakupa nyota za karibu na za mbali. Wanaotunga nyuzi zote sita ili “kufunika haraka” wanajinyima hazina hii, na kazi yao inakuwa nzito kama zulia mahali ilipotakiwa iwe hewa.

Mshono nao ni rangi

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi, maana ndipo maelekezo mengi yanapopita mbio. Mshono hauchori umbo tu. Unaamua mwanga wa chumbani utaugonga uzi upande gani. Tazama mkeka wa ukindu uliosukwa kwa rangi moja: ukiutazama kutoka mlangoni kuna mistari inayong'aa na mingine imezima, ukihamia dirishani ile iliyozima inang'aa. Rangi haikubadilika, umebadilika mwelekeo wa ukindu kwa jicho lako. Uzi wa pamba una mng'ao, na unafanya hivyo hivyo. Buluu moja ikilazwa wima na kulazwa mlalo inakupa buluu mbili.

Tuanze na anga. Usilijaze lote. Mshono wa satini, ule wa kulaza uzi kutoka ukingo hadi ukingo, unavutia kwa sababu unang'aa, lakini ukizidi urefu wa sentimeta moja hivi unalegea na kukwama kwenye pete na kucha. Anga lote kwa satini ni anga litakaloharibika kabla ya mwaka. Liache kaniki juu, na unaposhuka kuelekea upeo wa bahari, ambapo anga la kweli huwa jeupe zaidi, anza kutawanya mishono mifupi ya bandi (sindano inaingia na kutoka kwa mstari), uzi mmoja, mlalo, yenye nafasi kubwa. Sogeza karibu karibu kadiri unavyoshuka, na panda ngazi za buluu zako. Kuzunguka mwezi fanya hivyo hivyo, ila mishono iufuate mduara wake.

Mwezi mpevu ushone kwa mshono wa mrefu-na-mfupi, yaani safu ya mishono inayopishana urefu ili safu inayofuata iingie ndani yake bila kuacha mstari. Tumia rangi mbili: nyeupe, na kijivu chenye joto kidogo kwa yale mabaka. Mwezi mweupe mtupu unaonekana kama shimo kwenye kitambaa.

Ukichagua mwezi mchanga badala yake, tahadhari na vielelezo vya Ulaya. Vinauonyesha ukiwa umesimama wima. Tanga iko digrii 5 hivi kusini mwa ikweta, na huku kwetu mwezi mchanga wa jioni hulala chali, pembe zikitazama juu. Upande wake wenye mwanga unaelekea jua lilikozama, yaani bara, si baharini. Na usiweke nyota katikati ya pembe zake. Ile sehemu yenye giza ni mwezi pia, hakuna nyota inayoweza kuonekana mbele yake.

Nyota zina kosa lake linalojirudia: zote nyeupe, zote sawa, zote za pembe tano. Tazama juu. Katika kundi la Orioni peke yake kuna Betelgeuse yenye wekundu na Rigel yenye weupe wa buluu, na Kilimia ni kidonge cha nyota za buluu hafifu zilizosongamana. Mafundo ndiyo mshono wake: zungusha uzi kwenye sindano mara moja, au mara mbili ukitaka, kisha ishushe karibu kabisa na ilipotokea. Ukitaka fundo kubwa ongeza nyuzi badala ya kuongeza mizunguko, maana mizunguko ikizidi fundo linaanguka upande. Nyota za mbali ziwe mshono mmoja mfupi wa uzi mmoja. Nyota zenye miale, mishono minne au sita inayokutana katikati, zitoshe chache tu. Jambo jingine: mwezi mpevu huzima nyota nyingi. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili vizuri, ndiyo maana hungoja siku za giza ili taa zao zivute samaki. Chagua mwezi mkubwa au nyota tele. Ukitaka vyote, hiyo ni njozi ya pili, na kila njozi unayoongeza inapunguza nguvu ya ile ya kwanza.

Maji ni mishono mlalo, mlalo mtupu. Njia ya mbalamwezi ianze chini ya mwezi pale pale kwenye upeo, ikiwa nyembamba na imeshikana, halafu ipanuke na kukatika-katika kadiri inavyokuja kwa mtazamaji. Mishono isilingane urefu. Karabai nayo inashusha mstari wake majini, wa manjano iliyoiva na chungwa, hafifu kidogo kuliko karabai yenyewe. Mvuvi aguswe na joto upande mmoja tu wa uso na mkono. Upande wa pili umwachie kaniki.

Silikanti ndiye mwenye picha, na kwake tulipe deni la swali la binti. Samaki wa buluu anaonekanaje juu ya anga la buluu? Usimzungushie mstari mwili mzima. Mstari wa kumzunguka unamgeuza kuwa picha iliyobandikwa. Upande unaotazama mwezi mpe ukingo wa mshono wa bua (kila mshono unaanzia kando ya uliotangulia, kama kamba iliyosokotwa), uzi mmoja au mbili za buluu hafifu kuliko zote. Upande wa pili mwache ayeyuke gizani. Jicho la mtazamaji litamalizia. Mgongo na ubavu vijazwe kwa satini fupi fupi, gamba moja moja, na kila safu ya magamba ielekee pembeni kidogo kuliko iliyotangulia, ili mng'ao utembee mwilini anapotazamwa kutoka pande mbalimbali. Mapezi yake ni ya nyama, yametoka mwilini kama vijiti vinene, kwa hiyo shina la pezi lijazwe imara, na miale yake iishie kwa mishono mirefu ya uzi mmoja.

Mabaka meupe yasipangwe kwa usawa. Kila silikanti ana mpangilio wake wa mabaka, na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa huo. Changanya mafundo na vipande vidogo vya satini, makubwa na madogo, yakaribiane kwingine na kuachana kwingine. Na jicho lake lina tabaka nyuma linalorudisha mwanga, kwa hiyo tone moja la manjano yenye kijani ndani litamfanya awe hai. Tone moja.

Mkrismasi usikuchukulie muda. Matawi kwa mshono wa bua, majani kwa vitanzi vya mnyororo kimoja kimoja (kitanzi cha uzi kinachofungwa nchani kwa kishono kidogo), maua kwa mafundo ya damu ya mzee yaliyosongamana upande wa juu.

Uzi wa zari na uzi wa kuwaka gizani

Wengi wanaamini kuwa picha ya njozi bila kumetameta haijakamilika. Uzi wa zari ni mzuri, lakini mng'ao wake unategemea taa ya chumba, na mahali pasipo na taa unageuka kijivu kizito. Kwa hiyo usiupe kazi ya kuonyesha mwanga mkuu. Uwe nyongeza juu ya mwanga ambao rangi zimekwisha kuujenga. Tena unachakaa haraka ukipitishwa kitambaani mara nyingi. Mafundi wa majoho hawaupitishi. Wanaulaza juu na kuufunga kwa vishono vidogo vya uzi mwembamba. Fanya hivyo kwenye ukingo wa pezi moja, au miale miwili mitatu ya majini. Ukilazimika kuupitisha, kata vipande vya sentimeta 30 hivi na utumie sindano yenye tundu kubwa.

Uzi unaowaka gizani unajichaji kwa taa kisha unatoa mwanga wa kijani kwa muda. Mchana ni mweupe wa kufifia. Upime kwa rangi yake ya mchana, maana kitambaa ukutani kitatazamwa zaidi taa ikiwa inawaka.

Kazi yenyewe ifanyike mchana karibu na dirisha, ukitandika kitambaa cheupe mapajani, kwa sababu weupe wa chini unaonyesha matundu ya kaniki. Mchoro uhamishwe kwa penseli nyeupe au chaki ya fundi. Usiache sindano imechomekwa kitambaani usiku kucha, wala fremu yenye chuma: hewa ya bahari ya hapa kwetu inaleta kutu, na doa la kutu kwenye kaniki linaonekana, na halitoki kwa urahisi. Ukimaliza, fua kwa maji baridi bila kusugua, kausha kivulini, kisha piga pasi upande wa nyuma kitambaa kikiwa kimelazwa kifudifudi juu ya taulo nene, ili mafundo yazame kwenye taulo na yasipondeke.